Notisi kwa Mama Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo. Nimewalaza watoto wawili kwa mpigo, mmoja kwa hadithi na mwingine kwa vitisho, na dada hakunipa hata pongezi. Basi najipongeza mwenyewe hapa. Hongera, mjomba.

Kwa anayesoma bila ruhusa (shemeji, nakujua): sebule ya dada yangu ndiyo nyumba ya kulea watoto wa watu. Wanaletwa asubuhi, wanachukuliwa jioni. Wako watatu. Malkia na Kipanga wana miaka mitatu mitatu, wanakula wenyewe, wanagombana wenyewe, wanapatana wenyewe. Wa tatu ni Bosi. Ana mwaka na kidogo, mzito kama mfuko wa saruji, hatembei, na usingizi wa mchana haumpati popote duniani ila mgongoni kwa dada, ndani ya mbeleko, dada akizunguka chumbani kama mlinzi. Ukimlaza kitandani anafumbua macho na kukutazama kama unamdai.

Mimi ndiye mdogo wake dada na msaidizi wake mkuu. Shule niliishia kidato cha pili. Hatukugombana, tuliachana kwa makubaliano. Dada ananiita Profesa, na hamaanishi sifa.

Jumatano, 5 Machi

Dada alikwenda kliniki asubuhi, akarudi ameloa, akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti juu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nesi kaniuliza nabeba nini kazini," akasema. "Nikamwambia nabeba watoto. Akaweka kalamu chini."

Dada ni mjamzito. Tunaojua ni yeye, shemeji aliye safarini na lori lake, na mimi, kwa sababu siri hainipiti. Wengine hawaambiwi. Mimba ya kwanza ilitoka wakati mtoto keshaanza kucheza tumboni, na watu walikuwa wameshampa hongera mtaa mzima. Ikabidi awarudishie mmoja mmoja. Safari hii anavaa magauni mapana na anafunga mdomo.

Nesi amesema asinyanyue ndoo, wala kiti, wala mtoto. Malkia na Kipanga hawana shida. Shida ni Bosi. Kwa hiyo wazazi wake watapewa notisi. Mkataba unasema mwezi mmoja, upande wowote, bila kudaiwa sababu.

"Kesho namwambia mama yake," dada akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Hakumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Hakumwambia. Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemweka dada kitimoto. "Unamwogopa mama Bosi?"

"Simwogopi. Nilimpa neno."

Neno lenyewe ni hili. Kila mzazi anayeleta mtoto hapa, dada humwambia: kwangu mtoto akiingia akitambaa, anatoka akitembea. Ndiyo sifa ya nyumba hii. Hajawahi kumrudisha mtoto kwa magoti. Mama Bosi aliposikia siku ile ya kwanza alicheka, akasema, "Hapo hapo nimekushika, dada."

Kwa hiyo dada anasubiri Bosi atembee ndipo atoe notisi.

"Na akitembea mwezi wa tisa?"

"Atatembea kabla."

"Na mpaka hapo nani anambeba?"

Akainuka kwenda kuwaosha mikono watoto ambao mikono yao ilikuwa misafi.

Basi naapa mbele ya karatasi hii: Bosi atatembea kabla Machi haijaisha, na mwalimu wake ni mimi. Nilipomwambia dada, akajibu, "Wewe mwenyewe ulitembea una miaka miwili."

Nilikuwa natafakari.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimejaribu kumbeba Bosi mimi, saa ya usingizi. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga kuuliza nani kafa. Dada akanipokonya, akafunga mbeleko, mtoto kimya. Msaliti.

Ijumaa, 14 Machi

Nieleze kuhusu hawa wazazi. Baba ni fundi wa majokofu. Asubuhi ananikabidhi Bosi kwa mikono miwili, taratibu, kama chombo cha mteja, anasema "haya" na kuondoka. Mama anashona sare za shule kwenye karakana. Jioni anafika wa mwisho siku zote, anahema, nyuzi zimemganda kwenye sketi, na kabla ya kumbusu mtoto anamkagua masikio, shingo na chini ya kucha. Ana maringo, mimi simpendi. Halafu anauliza lile swali lake:

"Ametembea?"

"Bado," dada anajibu.

Jumanne, 18 Machi

Mbinu mpya. Nimefunika beseni chini, Bosi analisukuma huku amesimama. Malkia amepanda juu ya beseni, asukumwe kama malkia kweli. Bosi hakulalamika. Ana nguvu za kuli.

Ijumaa, 21 Machi

AMETEMBEA!

Aliacha beseni, akaniona nimechuchumaa karibu na mlango, akaja. Mikono juu, tumbo mbele, kama mlevi anayemwona mdeni wake. Akanifikia, akanikamata pua. Nilipiga ukelele mpaka Kipanga akaanza kulia. Nikamwambia dada, "Notisi leo! Jioni hii hii! Mama yake akifika tu namwambia..."

"Humwambii."

Nilidhani anatania. Akanikalisha. Kumbe katika kazi hii kuna sheria ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote: jino la kwanza, neno la kwanza, hatua ya kwanza, mlezi hajaona. Ameona, lakini hajaona. Mama ndiye ataona kwake nyumbani, atakuja mbio kutueleza, nasi tutashangaa na kupiga makofi.

"Malkia alipoita 'mama'," dada akasema, "mama yake alinijia asubuhi anatoka machozi. Nikapiga vigelegele. Na mtoto alikuwa anaita hapa wiki mbili."

"Kumbe sisi ni waongo wa kulipwa."

"Yule mama anashinda kutwa nzima mbali na mwanawe, Profesa. Umpokonye na hilo?"

Jioni mama Bosi akafika, anahema. "Ametembea?"

"Bado," dada akasema, macho makavu.

Mimi niliuma ulimi. Na mimi kuuma ulimi ni kazi nzito, ulimi wenyewe ni mrefu. Lakini kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili. Atatembea kwao, Jumatatu tutapiga makofi, na notisi itatoka.

Jumatatu, 24 Machi

"Ametembea?" mama yake ndiye kauliza, jioni, kama kawaida. Hajatembea kwao.

"Bado."

Jumanne, 25 Machi

Hapa anakimbia. Amekimbia hadi jikoni, amemwaga maji, amerudi. Jioni akisikia sauti ya mama yake getini anakaa chini na kuinua mikono abebwe.

"Ametembea?"

"Bado."

Jumatano, 26 Machi

Bado.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi nikamchokoza baba yake. "Baba Bosi, nyumbani mnamweka chini?"

"Sakafu ina baridi."

"Mkimweka kidogo tu..."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Mchana Bosi alilala mgongoni kwa dada. Nilimwona dada ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anazunguka. Kila akifika kwenye kabati anasimama kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Bado. Machi imeisha. Mvua haikukatika tangu alfajiri, barabara imekuwa uji.

Nimefikiri sana, na mimi nikifikiri sana naumwa kichwa. Dada amejifungia ndani ya sheria zake mwenyewe. Hawezi kutoa notisi mtoto hatembei. Mtoto anatembea lakini hatuwezi kusema anatembea. Na kila mchana mfuko wa saruji unapanda mgongoni.

Jumatano, 2 Aprili

Dada alibadilika rangi leo. "Ni kiuno tu," akasema. Sikumjibu utani. Yeye mwenyewe alishangaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo anayesoma asicheke.

Saa ya usingizi wa mchana mvua ilikuwa inapiga bati kama inataka kuingia. Dada yuko na Bosi mgongoni, yuko kwenye kabati. Akasimama. Safari hii hakuendelea. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpokee mtoto."

Nikampokea. Akaenda uani, akarudi ameshika mlango.

"Damu?" nikauliza.

"Kidogo. Mwite jirani."

Jirani ndiye yule aliyekuja kuuliza nani kafa. Leo hakuuliza kitu. Alimfunika dada koti lake, wakatoka mvuani, nikabaki na watoto watatu na radi. Malkia akajificha chini ya meza. Kipanga akaniuliza kama dada amevunjika. Bosi analia, anatupa mikono kuelekea mlangoni. Nikachukua mbeleko. Nilimfunga vibaya, mguu mmoja juu mmoja chini, akanivuta masikio, akaning'ata bega. Nikazunguka. Nikaimba kila nilichokijua, mpaka matangazo ya biashara. Niliimba tangazo la sabuni nadhani mara mia. Mwishowe kichwa chake kikaniangukia shingoni, chenye jasho, kizito. Amelala. Wa kumtambia hakuwepo.

Dada alirudi alasiri. Mimba ipo. Nesi amesema kitandani, miguu juu, na akinyanyua hata sufuria asirudi kwake kulia. Dada akalala chumbani, pazia likashushwa, akanishika mkono.

"Usiseme kitu kwa mtu. Mama Bosi nitaongea naye mwenyewe Jumatatu."

"Sawa," nikasema.

Jioni mama Bosi akafika. Mwavuli umepinduka, sketi imeganda miguuni.

"Ametembea?"

Kweli nilifungua kinywa niseme bado. Kikatoka kingine.

"Mama Bosi, tunakupa notisi."

"Mnanipa nini?"

"Notisi. Mwezi mmoja, kama mkataba unavyosema. Dada hatamlea tena."

Akacheka. "Mjomba, umekunywa? Dada yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa hizi? Mwamshe."

"Haamshwi."

Kicheko kikakatika. "Sababu?"

"Mkataba haudai sababu."

"Mimi nadai. Kwa kuwa nachelewa?"

"Hapana."

"Kuna mzazi amelalamika? Kamng'ata mtu?"

"Kaning'ata mimi, lakini si hiyo."

"Basi dada yako mwongo," akasema, sasa sauti yake inapenya kila pazia la nyumba. "Aliniahidi hapa hapa niliposimama! Mtoto atatoka akitembea. Leo mnamtupa anatambaa?"

Ningenyamaza yangekwisha. Lakini kumwita dada yangu mwongo, na dada yuko kitandani miguu juu kwa ajili ya kumbeba Bosi!

"Anatembea," nikasema.

Mvua tu.

"Unasema?"

"Anatembea. Tazama." Na mimi, kichwa maji, nikamsimamisha Bosi sakafuni mbele ya mama yake, nikaenda upande wa pili wa chumba, nikachuchumaa. "Njoo, Bosi."

Akaja. Alikuja vizuri sana, hata hakuyumba. Alikuja akinichekea mimi, na mama yake alichokiona ni kisogo.

Nilipoinua macho ndipo nikajua nimefanya nini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki mbili."

"Wiki mbili." Alikuwa anakunja mwavuli, haukunjiki. "Kila siku nauliza. Nasimama hapa mlangoni nauliza, na nyinyi mnanitazama usoni."

"Ilikuwa ili wewe..."

"Mwezi wangu nautaka wote. Mpaka siku ya mwisho."

Akamnyakua mtoto, akatoka. Mwavuli akauacha.

Dada alikuwa amesikia kila neno.

"Profesa."

"Naam."

"Umemchoma yule mama moyo."

"Na wewe ulitaka nifanyeje?"

Akageukia ukuta.

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa mimi ndiye mbebaji. Saa ya usingizi mvua ilikatika, nikamfunga Bosi mgongoni nikatoka naye nje, apate hewa. Vijana wa kijiweni wakaniona. "Oyaa, mama nani wewe?"

"Mama yako," nikawajibu, nikaendelea kuzunguka.

Jumatano, 9 Aprili

Bosi amelala mapema. Nimekuwa bingwa, lakini dada alikuwa amelala, sikumwamsha kumwambia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Bosi haulizi tena. Anafika, anapokea, anaondoka. Hakagui hata masikio. Nilidhani lile swali lilikuwa linanikera. Bora lingekuwepo.

Jumatano, 16 Aprili

Mama Bosi amechelewa kupita siku zote. Malkia na Kipanga wameshachukuliwa zamani. Nilijiandaa na maneno makali, nimeyapanga vizuri. Akafika, kidole amekifunga kitambaa, damu imepenya. Sindano ya cherehani ilipita kwenye kucha. Akajaribu kumpokea Bosi kwa mkono mmoja, akashindwa, akakaa kizingitini.

Nikamletea maji. Maneno makali sijui yalikwenda wapi.

"Unajua kwa nini kwangu hatembei?" akasema bila kunitazama. "Jumapili ndiyo siku yangu. Namshika toka anaamka mpaka analala. Baba yake ananiambia mweke chini, namwambia sakafu ina baridi."

Nikasema, "Sakafu ina baridi kweli."

"Nyamaza, mjomba."

Nikamkalisha Bosi pajani kwake.

Jumanne, 22 Aprili

Leo mama Bosi amekuja saa nane mchana. Karakana umeme umekatika, alisema, lakini alivyoingia alikuwa na jambo lake. Mimi nina Bosi mgongoni, amesinzia. Akanipita.

"Nataka kumwona dada yako. Wiki tatu amelala? Mtu gani huyo analala wiki tatu? Kama ananikimbia aniambie usoni."

"Mama Bosi, tafadhali..."

Akavuta pazia.

Dada alikuwa chali, miguu juu ya mito, gauni limelala juu ya tumbo. Hapakuwa na cha kuficha. Wakatazamana.

"Miezi mingapi?" mama Bosi akauliza.

"Mitano inakaribia."

"Unatoka damu?"

"Ilitoka. Imeacha." Dada akavuta shuka. "Mimba ya kwanza ilitoka hivi hivi."

Mama Bosi alikaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. Akatazama mbeleko iliyomfunga mwanawe mgongoni kwangu. Akatazama tumbo la dada. Nilimwona anapiga hesabu.

"Na ulikuwa unambeba huyu ng'ombe wangu kila mchana."

"Alikuwa hajatembea kwenu. Nilitaka umwone wewe kwanza."

"Hivi wewe una akili?" Akanigeukia ghafla. "Na wewe! Mdomo wote huo, maneno yote hayo, neno moja la maana ukashindwa kulisema!"

"Nilikatazwa."

"Siku zote ukikatazwa unasikia?"

Hapo alinipata. Inauma.

Akainuka. "Kesho hatuji."

"Mwezi haujaisha," dada akasema, anajaribu kujiinua. "Makubaliano ni makubaliano. Mdogo wangu yupo, anambeba vizuri tu..."

"Lala! Notisi natoa mimi sasa, na inaanza leo. Mama mkwe yupo. Atalalamika, lakini atamshika."

"Mama Bosi, kuhusu ile hatua..."

"Hiyo sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakusamehe baadaye. Sasa hivi nina hasira, halafu nakuhurumia, sijui lipi lianze. Lala."

Nikafungua mbeleko. Bosi akaamka, akasimama sakafuni, akatutazama wote watatu kwa zamu. Mama yake akainama kumbeba, kama kawaida yake. Mikono ikafika kwenye makwapa ya mtoto, ikasita. Akamwachia, akampa kidole kile kizima.

Walichukua muda mrefu sana kufika getini. Mimi nilibaki nakunja mbeleko. Niliikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Wamekwenda?" dada akauliza.

"Bado wako kwenye dimbwi la kwanza."

Alhamisi, 24 Aprili

Malkia kaniuliza Bosi yuko wapi. Nikamwambia kaacha kazi. Akasema na yeye anaacha. Alipoletewa uji akarudi kazini.

Jumatatu, 5 Mei

Sijamkumbuka hata kidogo. Naandika ili ijulikane.

Jumamosi, 10 Mei

Nesi amemruhusu dada kukaa kitini. Mtoto anacheza tumboni, na ameshaupita umri ambao mwenzake wa kwanza alitoka. Nimemtengenezea chai, sukari nikatia ya kutosha.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimekwisha, au zimechoka. Nilikuwa natoka dukani nikawaona wanakuja: mama Bosi, na pembeni yake Bosi, kwa miguu yake, viatu vipya vinavyolia kila anapokanyaga. Nikachuchumaa katikati ya njia, mikono wazi.

"Bosi! Mjomba huyu!"

Akanitazama. Akatazama jiwe lililokuwa karibu na mguu wangu. Akaliokota jiwe, akanipita.

Mama yake aliona. Angeweza kunicheka, na ningestahili. Hakucheka.

"Dada yako?"

"Yuko kitini. Ananituma kama punda."

"Na mwenzake wa tumboni?"

"Anampiga mateke. Amefanana na mimi."

"Mungu apishe mbali." Akacheka kidogo. "Mwambie nikipata nafasi nitapita. Na asinyanyue hata sufuria."

"Nitamwambia."

Wakaenda. Viatu vinalia, vinalia, halafu vikanyamaza. Nikageuka. Bosi alikuwa ameanguka kifudifudi, jiwe lake limemtoka. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Niliikamata kwa nguvu.

Mama yake alikuwa hatua moja tu nyuma yake, na yeye pia alisimama.

Bosi akalia mara moja, akasikiliza kama kuna anayekuja. Hakuja mtu. Akaweka mikono chini, akainua makalio, akasimama, akajifuta kwenye shati, akaendelea.